Mstari wa Tano Sijaujaza

Paulina mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi nimeshaiitikia, kwa hiyo barua hii inaanza bila salamu. Ninaiandika mchana, hapa mezani kwetu, kwenye karatasi za katikati za daftari la mdogo wako Daniel. Mwenyewe hajui, naomba usinisemee. Wewe na mama yako mmekwenda Bonga kumuaga shangazi yako. Niliwaambia mguu unaniuma, ndiyo maana sikuandamana nanyi wala sikwenda stendi kwenye kazi yangu ya kushona viatu. Mguu hauna kitu. Nilitaka chumba kiwe kitupu ili niseme na wewe vizuri, maana ukikaa mbele yangu ninaishia kukuuliza kama umekula.

Kuhusu safari yenyewe sina la kukuambia. Mama yako ameshamaliza: mahali pa kuficha nauli, shuka, kutopokea chakula cha mtu ndani ya basi, na mengine ameyarudia mpaka mdogo wako Elibariki anayasema naye kwa pamoja. Dodoma mimi nimefika mara moja tu, nikalala stendi, nikarudi. Kazi ya karani katika duka la pembejeo unaijua wewe. Mimi najua viatu.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya fomu ya nyumba. Si hii ya sasa, nitaifikia. Ile ya mwaka juzi.

Unaikumbuka siku ile. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwamba kule Singe nyumba za mradi zinakaribia kwisha kujengwa, za kupangisha kwa bei nafuu watu wa kipato kidogo, na anayetaka aje ajaze fomu. Nikakuomba twende wote kwa sababu una mwandiko mzuri, na mkono wangu umezoea msharasi wa kutobolea soli, kalamu inanitoroka. Ukakaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa, fomu gotini, ukawa unanisomea swali moja moja, mimi najibu, wewe unaandika. Jina. Kazi. Watoto wangapi. Mnalala vyumba vingapi. Hapo kwenye vyumba ulicheka kidogo, ukaandika kimoja bila kunisubiri.

Ukafika kwenye swali lililouliza kama mwombaji ana nyumba mahali pengine. Hilo nalo hukunisubiri. Ukaandika Hapana.

Nikakwambia, "Kata hapo."

"Baba, tuna nyumba wapi?"

"Sigino. Nyumba ya babu yako. Andika Ndiyo, Sigino."

"Lakini baba..."

"Paulina, kata."

Ukakata. Mstari mmoja ulionyooka, maana wewe hata kukata unakata kwa unadhifu. Ukaandika nilivyosema, na kutoka pale mpaka tunafika nyumbani hukuniangalia usoni.

Nikueleze kilichokuwa kichwani mwangu, ingawa sina hakika kama mwenyewe nakielewa. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja wa Sigino aliyemjua marehemu baba yangu. Nyuma yetu kulikuwa na mama wa huko huko. Na wewe ulikuwa unasoma kwa sauti. Sasa kwetu sisi mtu hasimami mbele za watu akatamka kwamba hana nyumba kwao. Anayesema hivyo ni mtu aliyefukuzwa na wazee kwa jambo baya, na watu wataanza kuulizana ni jambo gani. Hata yule mlevi anayelala nyuma ya stendi, ukimuuliza, atakutajia kwao, na atakuambia nyumba ipo. Mimi nimepanga chumba tangu kabla hujazaliwa, lakini siku zote nilikuwa na kwetu. Ukiniondolea hilo nabaki na boksi la rangi ya viatu. Nilipoona kalamu yako inaandika Hapana, tena kwa mwandiko mzuri vile, nilisikia kama nimevuliwa shati foleni nzima inaangalia.

Na nyumba yenyewe, mwanangu, haikuwepo.

Ile tembe ya babu yako ilianguka masika ya mwaka uliomaliza darasa la saba. Baba yako mkubwa Bura alinipigia simu akaniambia ukuta wa upande wa zizi umelala na paa limeufuata. Nikamwambia sawa, nitakuja tuangalie. Sikwenda. Kwa hiyo siku ile ya fomu nilikukatisha jibu la kweli ili uandike nyumba ambayo nilijua kabisa ni rundo la udongo. Sijui kama na wewe ulijua. Nimejiuliza mara nyingi na sijathubutu kukuuliza.

Halafu majina yakabandikwa, letu halikuwemo. Mama yako akaniuliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba wamepeana wenyewe kwa wenyewe, kwamba pale bila kumjua mtu hupati. Hayo ndiyo mmeyaamini mpaka leo, au mama yako na wadogo zako ndio wameyaamini. Wewe ulinyamaza. Ulikuwa unajua ulichoandika.

Ukweli ni huu. Siku mbili kabla ya majina kubandikwa nilipita ofisi ya mradi. Yule dada wa dirishani, yule mwembamba mwenye miwani, akaniamkia vizuri, akafungua faili langu, akasema, "Mzee, umekamilisha kila kitu, ila wewe una nyumba Sigino. Hizi ni za wasio na nyumba." Aliliacha pale kidogo, akaniangalia, kama mtu anayekupa nafasi ya kusema. Ningeweza kusema imeanguka. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne. Nikasema, "Ni kweli, ninayo," nikaondoka zangu kifua mbele. Kifua mbele, Paulina! Nimejinyima nyumba na natembea kama mtu aliyepewa. Nilipofika kwenye kazi yangu nikabandika soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto cha mwalimu mmoja, na gundi ikashika kabla sijaona.

Mama yako amemchukia yule dada miaka yote miwili. Siku moja sokoni alikataa kuitikia salamu yake, nami nilikuwa nimesimama pale nimebeba kapu, nikaangalia nyanya. Mama yako nitamwambia mwenyewe kesho, basi lako likishaondoka. Tafadhali usinitangulie. Nataka wewe uwe mbali kidogo, kelele zisikufikie.

Sasa unaelewa kwa nini nimekuwa nikikosa raha tangu ulipoleta habari za Dodoma. Wote walishangilia, na mimi nilishangilia, lakini usiku ule ulisema neno kwa utani, huku unasogeza meza pembeni ili utandike godoro lako: "Nikiondoka mtapumua." Mama yako akacheka. Mimi nililibeba neno lile na bado ninalo.

Maana najua ulivyoishi humu. Msichana wa miaka ishirini huwezi kulala mpaka wa mwisho amalize kula na meza isogezwe. Ukishalala, anayetaka kutoka lazima akuruke. Asubuhi sote tunatoka nje tunasimama uani ili uvae, mimi na mswaki wangu nikijifanya naangalia mawingu, mvua ikinyesha tunabanana chini ya paa la jiko la mama mwenye nyumba. Hujawahi kulalamika. Ungelalamika ningekuwa na la kujibu. Nyumba ile ya Singe ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na niliiona ikiwa msingi, ikiwa ukuta, ikiwa bati. Siku moja nilikwenda peke yangu nikachungulia dirishani, nikachagua chumba chako, kile kinachotazama mlima. Ndicho nilichokukatisha siku ile kwenye benchi. Kwa hiyo ninapokuona unapanga begi najiuliza kama unaifuata kazi au unakikimbia hiki chumba, na nikifika hapo najichanganya kabisa. Dakika moja naona ni kazi nzuri, umeipata kwa akili zako, mimi nisiharibu. Dakika nyingine naona mimi ndiye niliyekutoa.

Basi, fomu zimetoka tena. Wamejenga safu ya pili, nawe unajua, ulisikia tangazo. Usichojua ni kwamba Jumanne ya wiki iliyopita, nilipowaambia nakwenda kutafuta ngozi, nilikwenda Sigino. Ofisi ya mradi inataka karatasi iliyosainiwa na ndugu na mwenyekiti wa kule, inayosema ile nyumba niliyoitaja mwanzo haipo na sina nyingine.

Nilimkuta baba yako mkubwa anapiga maharage kwa fimbo uani. Tukasalimiana, mama yako mkubwa akaleta chai, tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe wake aliyevunjika pembe, mpaka chai ikaisha na sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza. Akaendelea kupiga maharage.

"Kwa hiyo unataka niandike kwamba huna kwenu," akasema.

"Kwamba sina nyumba."

"Hayo yanatofautianaje?"

"Kaka, hata mimi sijui. Wao wanauliza nyumba."

Akaweka fimbo chini. Nilidhani atanifukuza, na nadhani sehemu yangu moja ilitaka anifukuze ili nirudi na sababu. Akasema tu, "Njoo uone kitu." Tukazunguka nyuma ya nyumba yake. Shamba lote limelimwa mpaka kwenye uzio, mabua yamesimama kila mahali, isipokuwa kipande kimoja cha mraba, pale tembe ilipokuwa, chenye nyasi tupu. Mafiga ya bibi yako bado yapo pale, matatu, moja limelala.

"Hapa silimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Si ulisema utakuja tuangalie? Nakusubiri tuangalie."

Miaka yote hiyo, Paulina. Nilisimama pale sijui niweke mikono wapi. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanakuja, nikainama nikajifanya nainua lile figa lililolala.  Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kule, kaka akaweka sahihi yake kwa herufi kubwa kubwa, taratibu, ulimi nje, kama Daniel akiandika insha. Akanikunjia karatasi akanipa. Akaniuliza habari zako, nikamwambia unakwenda Dodoma, akasema mwambie asipite hapa bila kupunga mkono. Basi lenyewe halipiti Sigino, lakini nimekufikishia.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Niliondoka Sigino nimeshika karatasi inayosema sina kitu, na muda huo huo nimetoka kuonyeshwa mahali palipowekwa kwa ajili yangu. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama karatasi ile ni ya kweli au ni uongo wa pili. Kesho yake nikaipeleka kwa yule dada wa dirishani, na safari hii nikamweleza yote, watu wakiwa nyuma yangu wanasikia. Tembe, simu, nyasi, mafiga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, mahali siyo nyumba. Sisi tunauliza nyumba." Akapiga muhuri. Yeye kichwa chake hakijachanganyikiwa hata kidogo, namwonea wivu.

Ningependa jambo hili moja ulichukue kwangu, kama una nafasi kwenye begi. Nimeishi miaka mingi nikiwaambia watu nitakuja tuangalie. Kwa kaka yangu, kwa mama yako paa lilipovuja, kwako ulipotaka nije shuleni siku ya wazazi. Nilimaanisha kila mara, na ndiyo maana sikuona kwamba siendi. Unaweza kuwa na watu wanaokusubiri hivyo bila kujua, na wao hawatakudai. Watapitisha jembe pembeni tu, kama kaka Bura.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Fomu ya safari hii ina mistari ya majina ya wote wanaoishi na mwombaji. Watoto wadogo mzazi anawaandika, lakini kila aliyezidi miaka kumi na minane anaandika jina lake kwa mkono wake na kuweka sahihi. Mstari wa kwanza ni wangu. Wa pili mama yako ameshasaini. Wa tatu Elibariki, wa nne Daniel. Nyumba za vyumba viwili ni za familia ya watu watano na zaidi. Wanne wanaingizwa kwenye orodha ya chumba kimoja na sebule, ambayo ni ndefu, na sitakudanganya kuhusu hilo, nimeshadanganya vya kutosha.

Nilimwambia yule dada kwamba binti yangu anasafiri Ijumaa kwenda kazini.

"Anahama, au anakwenda kazini?" akauliza.

"Hayo yanatofautianaje?" Nikajisikia nimekuwa kaka Bura.

"Kama likizo zake ni kwenu na kitanda chake ni kwenu, huyo bado wa kwenu, aandikwe. Kama anakwenda kuanza maisha yake huko, huyo amehama."

"Na mimi nisipojua?"

"Si umuulize, mzee."

Nikuulize. Rahisi hivyo. Wiki nzima nimeshindwa. Juzi nilikusindikiza bombani makusudi nikuulize, nikaishia kukuambia ndoo imejaa. Jana nilianza, ukageuka ukaniangalia, nikasema, "Umekula?" Mama yako yeye haoni tatizo, anasema muandike tu, si mtoto wetu. Anasema kweli. Lakini na mimi niliposema nyumba ya Sigino ni yetu nilikuwa nasema kweli ya namna hiyo hiyo, na unaona ilikotufikisha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa karatasi. Unarudi, au umehama?

Usinijibu kwa kunihurumia. Ukiandika jina lako ili tu tupate chumba cha pili, nitakaa kwenye chumba hicho nikiwa sijui, na nimechoka kutokujua. Na ukiacha wazi kwa sababu unadhani tukibaki wanne tutapumua, jua kwamba sijawahi kukosa pumzi kwa ajili yako. Kama unakwenda kuanza maisha yako, nenda uyaanze, ni haki yako, mimi nilitoka Sigino nikiwa mdogo kuliko wewe na sikumuuliza mtu. Nitaumia, kisha nitazoea, na mama yako atanisema mpaka nizoee haraka. Kama unarudi, rudi kwa sababu ni kwenu. Vyovyote itakavyokuwa kuna mahali pako ambapo sitalima, na hilo halihitaji muhuri.

Swali la nyumba nimejaza mwenyewe leo, kwa mwandiko wangu huu unaoujua. Nimeandika Hapana. Nililitamka kwa sauti kabisa, ingawa hapakuwa na wa kunisikia ila kuku wa mama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni. Herufi zimepanda mlima, lakini zinasomeka.

Barua hii naiweka chini ya mto wako jioni hii. Ofisi ya mradi inapokea fomu mpaka kesho, na wewe basi lako ni la alfajiri. Tutakapotoka nje ili uvae, fomu itakuwa hapa mezani, na kalamu juu yake. Mstari wa tano sijaujaza. Usiharakishe, sisi tutasimama uani kama kawaida, nami nitakuwa naangalia mawingu. Ukishamaliza ikunje, unipe, nitaipeleka saa mbili wakifungua, bila kuifungua njiani.

Ni mimi baba yako, ambaye safari hii, lolote utakaloandika, sitakuambia ukate.